Nani Atoke Nje?

Ndani ya kabati langu, kati ya kanga za sikukuu na hati ya kiwanja, mna kitambaa chekundu kisichozidi upana wa kiganja. Aliniletea rafiki yangu wa utotoni, Mhindi wa Tanga kama mimi nilivyo Mswahili wa Tanga, aliporudi kutoka safari ya kuhiji katika nchi ya wazee wake. Alikiweka mkononi mwangu, akanifumba vidole, akasema, "Dada, hiki ni cha Mama. Kiweke mahali pazuri." Mama aliyemtaja si mama yake mzazi. Ni Kamakhya, mungu wa kike ambaye hekalu lake liko juu ya mlima katika jimbo la Assam, kaskazini-mashariki ya India.

Siku moja nilikitoa kuwaonyesha wageni barazani. Shemeji yangu akauliza kitambaa hicho ni cha nini. Nikamweleza kwamba waumini wa Kamakhya husadiki kuwa kila mwaka mungu wao huingia mwezini kama aingiavyo mwanamke yeyote, na kwamba vitambaa vya namna hii hutokana na nguo nyekundu inayofunika mwamba wake siku hizo. Sikumaliza. Baraza zima lililipuka kwa kicheko. "Mwalimu, umeweka nguo ya hedhi kabatini!" alisema shemeji, huku akipangusa machozi. Wanawake nao walicheka, wamejiziba midomo kwa mitandio. Mimi nilikikunja kitambaa changu, nikakirudisha ndani, nikanyamaza.

Maneno haya ndiyo jibu nililolikosa siku ile. Sikuombi, ndugu msomaji, uamini habari za Kamakhya. Mimi mwenyewe si wa dini hiyo na sina nia ya kuingia. Ninachokuomba ni usikilize habari za nyumba ile mpaka mwisho, kisha uniambie ni nani aliyestahili kuchekwa.

Mji wa Guwahati uko kando ya mto mkubwa, Brahmaputra. Upande wa magharibi wa mji huo unasimama mlima mdogo uitwao Nilachal, maana yake mlima wa buluu, na juu yake ndipo lilipo hekalu. Kwa nini pale na si pengine? Wahindu husimulia hivi. Sati alikuwa binti wa Daksha, akaolewa na mungu Shiva, mume ambaye baba mtu hakumpenda. Daksha akafanya shughuli kubwa ya sadaka, akawaalika miungu wote isipokuwa mkwewe. Sati akaenda bila kualikwa. Baba akamtukana mumewe mbele za watu, na binti kwa uchungu akajitoa uhai pale pale. Shiva akaubeba mwili wa mkewe, akazunguka nao kwa msiba na ghadhabu hata dunia ikawa karibu kuangamia. Ndipo Vishnu akalitupa gurudumu lake lenye makali, likaukata mwili ule vipande vipande, na kila mahali kilipoanguka kipande pakawa patakatifu. Hesabu iliyozoeleka ni mahali 51. Pale Nilachal ndipo ulipoanguka uke.

Nimeliandika neno hilo kwa makusudi, wala sikutafuta la kulifunika. Watu wale hawakulificha, wamelijengea hekalu. Na ukiingia ndani, ukashuka ngazi hadi chumba kidogo chenye giza kilicho chini ya usawa wa ardhi, hutaikuta sanamu ya mungu kama ilivyo katika mahekalu mengine. Utakuta mwamba wenye ufa, umefunikwa kwa nguo na maua, na maji ya chemchemi yanayotoka ardhini yakiulowesha daima. Hicho ndicho kinachosujudiwa. Hekalu la kale liliharibiwa, na mwaka 1565 mfalme Naranarayan wa ufalme wa Koch, akisaidiwa na ndugu yake Chilarai, akalijenga upya. Mafundi wake waliweka kuba la matofali, lenye umbo la mzinga wa nyuki, juu ya misingi ya mawe ya wale waliotangulia. Kuba hilo lipo hata leo. Pale huchinjwa mbuzi na njiwa, hata nyati, kwa ajili ya sadaka; lakini wanyama wa kike hawachinjwi. Kisu kinamheshimu jike.

Sasa njoo kwenye siku zenyewe. Kila mwaka, mnamo tarehe 22 Juni hivi, mvua kubwa zinapokuwa zimeanza, hufika kipindi kiitwacho Ambubachi. Inaaminika kwamba mungu wa kike, ambaye ndiye ardhi yenyewe, ameingia mwezini. Mlango wa hekalu hufungwa kwa siku tatu. Hakuna ibada ndani, hakuna wa kwenda kutazama. Wakulima huacha majembe. Hawalimi, hawachimbi, hawapandi, kwa kuwa ardhi imepumzika. Vitabu vitakatifu havisomwi. Wapo wanaojizuia hata na chakula kilichopikwa. Wakati huohuo watu kwa malaki wanapanda mlima ule: masikini kwa matajiri, watawa waliojipaka majivu, wanawake na watoto wao. Wanakaa nje, kwenye matope na mvua, wakiimba na kungoja. Siku ya nne mwamba huoshwa, mlango hufunguliwa, na watu hupanga foleni ndefu ili wapate maji ya chemchemi na kipande cha nguo nyekundu. Kipande changu ni cha foleni hiyo.

Wapo wasemao kwamba hata mto Brahmaputra hugeuka mwekundu siku hizo. Wengine hujibu kwamba huo ni msimu wa mvua na kila mto hubeba udongo. Mimi simo katika ubishi huo. Ninachokitazama ni mlango.

Hebu tuutazame pamoja. Siku zile tatu, nani yuko ndani na nani yuko nje? Mwenye nyumba yuko ndani. Hakuambiwa atoke akalale bandani. Hakupewa sahani yake ya peke yake na mkeka uliochakaa. Waliotolewa nje ni sisi wengine wote: kuhani na kengele yake, tajiri na sadaka yake, mkulima na jembe lake. Damu ilipokuja, aliyepisha njia ni mwanamume. Naye hakupisha kwa kuchukia. Anangoja kwenye mvua siku tatu kwa shauku ya kurudi.

Wenyeji wana simulizi inayokaza jambo hilohilo. Inasemekana mfalme Naranarayan, yuleyule aliyelijenga hekalu, alisikia kwamba jioni wakati wa ibada mungu wa kike hujitokeza na kucheza akiwa mtupu. Akatamani kumwona. Akamshawishi kuhani aitwaye Kendukalai, naye akampa mfalme nafasi ya kuchungulia. Mungu akatambua. Kuhani akaangamia, na mfalme akalaaniwa, yeye na kizazi chake, wasilitazame tena hekalu lile. Kumbuka ni yeye aliyelipia kila tofali! Mwanamke alikuwa mtupu ndani ya nyumba yake, lakini lawama haikumwendea yeye. Ilimwendea mwenye jicho mlangoni.

Hayo ni mafundisho ya mwamba. Sasa tushuke mlimani, tuangalie yanavyofuatwa na wale wanaoutunza.

Kwa desturi, mwanamke aliye katika siku zake haruhusiwi kuingia katika hekalu la Kamakhya. Soma tena, ndugu msomaji, maana nami nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya uke, ambayo sikukuu yake kuu ni hedhi, inamwambia mwenye hedhi asivuke kizingiti. Damu ya mwamba ni baraka ya kupangiwa foleni. Damu ya binti aliyesafiri siku nne kwa treni ni najisi. Rafiki yangu alinisimulia hayo bila hasira, kama mtu anayeeleza ratiba ya basi. "Nilihesabu siku zangu kabla sijakata tiketi," alisema. Hasira ilikuwa yangu, na najua ilikotoka.

Ilitoka uani kwetu. Miaka ya sitini, ua wetu na ua wao ulitenganishwa na ukuta mfupi, na mama yake rafiki yangu sisi sote tulimwita Masi, yaani mama mdogo. Wazee wake walitoka Kutch, kama wazee wa Wahindi wengi wa pwani yetu. Masi alikuwa mwanamke wa jikoni. Mikono yake haikukauka unga. Lakini kila mwezi zilikuwapo siku ambazo aliketi kwenye kibaraza cha nyuma juu ya mkeka, peke yake, na jikoni akaingia wifi yake. Chakula alisogeziwa kwa mbali. Mtungi wa achari hakuruhusiwa kuugusa, eti achari itaoza. Nilimwuliza mama yangu Masi ana nini. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Masi yuko mwezini." Usiku ule nilitoka uani, nikautazama mwezi kwa muda mrefu, nikijaribu kumwona Masi amekaa wapi.

Siku moja nilimkimbilia nimkumbatie. Akaruka kama aliyeona nyoka. "Usiniguse, mwanangu, usiniguse!" Sijasahau uso wake. Haukuwa uso wa mtu anayepumzika, wala wa mtu anayeheshimiwa. Ulikuwa uso wa mtu aliyeaminishwa kwamba mwili wake unaharibu vitu.

Hapo ndipo watetezi wa desturi huniambia, "Mwalimu, umekosea kuelewa. Ile ilikuwa mapumziko. Mwanamke alipunguziwa kazi." Sikatai kwamba mapumziko ni neema, kila mwanamke aliyewahi kutwanga huku tumbo likimkata anaijua. Lakini mapumziko ya kweli yana alama zake. Anayepumzishwa huulizwa anataka nini. Anayepumzishwa hupewa mahali pazuri zaidi, si pabaya zaidi. Anayepumzishwa haogopwi. Kamakhya anapumzishwa: yuko chumbani mwake, na watu wanazuiwa wasimsumbue. Masi alikuwa anazuiwa yeye, asiwasumbue watu. Msiyaite mambo mawili kwa jina moja.

Mjuzi atanikamata hapa, na ni haki yake. Ataniambia kwamba huko Chengannur, katika jimbo la Kerala kusini ya India, lipo hekalu jingine ambalo mungu wake wa kike huaminika kuingia mwezini, na kwamba huko sanamu yake huondolewa mahali pake na kuwekwa chumba kingine. Kumbe hata mungu hutolewa! Naam, huhamishwa. Lakini siku ya nne hupelekwa kuogeshwa mtoni Pamba, kisha hurudishwa nyumbani kwa maandamano, juu ya tembo, watu wakishangilia. Masi alioga kisimani alfajiri kabla watu hawajaamka, akarudi jikoni bila hata kuulizwa hali. Nileteeni nyumba ambayo mama akitoka katika siku zake hurudishwa jikoni kwa ngoma na tembo, nami nitaifuta aya hii.

Wengine husema ni suala la usafi. Zamani hapakuwa na pamba wala sabuni, ndiyo maana wanawake walitengwa. Haya, tuseme ilikuwa hivyo. Pamba zimekuja, sabuni imekuja, maji yamefika ndani ya nyumba. Mbona mkeka haujatolewa kibarazani? Sababu ikiondoka na adhabu ikabaki, ujue sababu haikuwa ile iliyotajwa.

Wapo tena wanaosema kwamba mila haiguswi, kwamba ukiondoa jiwe moja jengo lote huanguka. Kwa hao hekalu lenyewe ni shahidi. Lilianguka, likajengwa upya kwa matofali juu ya mawe, na hakuna aliyesema si lenyewe. Karne ya 18 wafalme wa Ahom walimleta kuhani kutoka Bengal, Krishnaram Bhattacharya, naye akakabidhiwa usimamizi wa hekalu. Watu wa pale wakazoea. Mwaka 2020, na tena 2021, kwa sababu ya maradhi ya korona, mahujaji wale malaki hawakuruhusiwa kukusanyika wakati wa Ambubachi. Ibada ikafanywa na wachache. Mungu hakukasirika, mlima haukuporomoka. Basi mila hugeuka kila inapobidi, ikiwa ni kwa vita, kwa amri ya mfalme au kwa maradhi. Haigeuki tu pale anayeomba anapokuwa mwanamke.

Na jambo hili lilifika mpaka mahakamani, ingawa kwa hekalu jingine. Huko huko Kerala lipo hekalu la Sabarimala, la mungu Ayyappa, ambaye ni mwanamume na mseja. Wanawake wa umri kati ya miaka 10 na 50, yaani umri wa kuingia mwezini, walizuiwa, na mwaka 1991 Mahakama Kuu ya jimbo ikalitia nguvu katazo hilo. Tarehe 28 Septemba 2018 Mahakama ya Juu ya India, majaji wanne dhidi ya mmoja, ikalifuta. Kukawa na ghasia. Tarehe 1 Januari 2019 wanawake walijipanga bega kwa bega kwenye barabara za Kerala, mstari wa kilomita 620 hivi, kudai usawa. Kesho yake alfajiri wanawake wawili wa umri ule uliokatazwa wakaingia. Makuhani walifanya nini? Walifunga mlango wakalitakasa hekalu. Novemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikayapeleka maswali yale mbele ya jopo kubwa zaidi.

Jaji mmoja aliyewapinga wenzake wanne alikuwa Indu Malhotra, mwanamke pekee katika jopo lile. Hoja yake ilikuwa kwamba si kazi ya mahakama kupima kama imani ya watu ina mantiki. Nasema wazi kwamba hoja hiyo si ya kudharauliwa. Hata mimi nisingependa hakimu anifundishe namna ya kusali, na kila dini ina taratibu zake za ibada kwa siku hizo, yangu ikiwemo. Ndiyo sababu simwiti hakimu hapa. Ninasema na watunza mila kwa lugha ya hekalu lao wenyewe. Kama mwamba wa Nilachal hauna najisi unapotoa damu, mfano wake ulio hai umeipata wapi? Ama mseme damu ile ni uchafu, mzirudishe foleni nyumbani na vitambaa mvichome; ama mseme ni utakatifu, mumfungulie binti mlango. Haiwezekani iwe marashi ikitoka kwenye jiwe na uvundo ikitoka kwa mtu.

Na asije mtu akaniambia ni wanaume tu wanaofanya haya. Februari 2020, mjini Bhuj, katika Kutch ileile walikotoka wazee wa Masi, wasichana zaidi ya 60 wa bweni la chuo kimoja walipangwa mstari chooni na kulazimishwa kuvua nguo za ndani ili ijulikane nani yuko mwezini, kwa tuhuma kwamba kuna aliyevunja sheria ya kujitenga na jikoni na mahali pa ibada. Waliowakagua walikuwa wanawake. Polisi waliingilia kati na watu wakakamatwa. Lakini mimi nilijiuliza: wanawake wale walijifunzia wapi? Walijifunzia kwenye mkeka. Aliyekalia mkeka miaka thelathini, siku akipewa funguo za nyumba, kitu cha kwanza anachotafuta ni mwingine wa kumkalisha. Ndivyo dhuluma inavyojipatia walinzi bila kuwalipa mshahara.

Kama ungekuwa mkeka na uchungu wa moyo tu, pengine ningenyamaza. Lakini upande wa magharibi wa Nepal ipo desturi iitwayo chhaupadi. Huko mwanamke aliye mwezini hulala nje ya nyumba, katika kibanda cha udongo au zizi la ng'ombe, hata majira ya baridi kali. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliipiga marufuku mwaka 2005. Mwaka 2017 bunge likatunga sheria: anayemlazimisha mwanamke kulala huko atafungwa hadi miezi mitatu, au atozwe rupia 3,000, au vyote viwili. Hata hivyo Januari 2019, wilaya ya Bajura, mama mmoja na wanawe wawili waliwasha moto ndani ya kibanda wapate joto. Moshi ukawaua wote watatu. Nyumba yao ilikuwapo palepale. Mlango ulikuwapo. Watatu hao hawakuuawa na damu. Waliuawa na jibu baya la swali ambalo Kamakhya alilijibu vizuri: damu ikija, nani atoke nje?

Wakati huu shemeji yangu, kama bado anasoma, amekaa vizuri kitini na kusema, "Si unaona? Wahindi na mambo yao." Pole, shemeji. Sijamaliza. Nimekuja kwa wengine kwa sababu kwao kuna mwamba wa kutupima. Sasa tujipime.

Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi. Mwaka mmoja, darasa la sita, nilimwita msichana ubaoni afanye hesabu ya sehemu. Alisitasita, kisha akaja. Alikuwa mzuri wa hesabu; alikuwa anaandika jibu sahihi wakati kicheko kilipoanza nyuma. Sketi yake ilikuwa imechafuka. Darasa zima likalipuka, wavulana wakipiga madawati, wasichana wameziba midomo. Yeye alisimama na chaki mkononi, hakugeuka.

Nami, mwalimu, mtoto wa uani kwa Masi, niliyekuwa nimeutazama mwezi nikimtafuta, nilifanya nini? Nilimfunga kanga yangu kiunoni, nikamwambia kwa upole, "Nenda nyumbani, mwanangu. Urudi ukimaliza." Nilijiona mwema. Nilimaliza hesabu ile mimi mwenyewe ubaoni, kwa darasa lililotulia. Alirudi baada ya siku tano, akahamia dawati la nyuma kabisa. Mwaka ule wote hakunyoosha mkono tena, na mimi sikumwita tena ubaoni, nikidhani namsitiri.

Nimeishi na jambo hilo muda mrefu bila kujua hasa kosa langu lilikuwa wapi, kwa maana kanga nilimpa na maneno mabaya sikumwambia. Nililielewa siku rafiki yangu aliponisimulia habari za mlango wa Nilachal. Palikuwa na watu arobaini wakicheka na mmoja anayevuja damu. Nikamtoa yule mmoja.

Arobaini ndio waliostahili kutoka. Ningewasimamisha nje kwenye jua hata wakome, nikamfungia mlango yule mtoto ajisitiri, apumzike, kisha amalize hesabu yake. Hiyo ingekuwa Ambubachi yangu, bila hekalu na bila kuhani. Sikuifanya, na kwa hiyo sina haki ya kuwanyooshea kidole makuhani wa Assam kabla sijajinyooshea mwenyewe. Nimejinyooshea. Sasa nawanyooshea na wao, na nyote mliocheka barazani kwangu.

Kwa watunza hekalu nasema: mmerithi kitu ambacho wengi wetu hatukukirithi. Ninyi mnacho kicho mbele ya damu iletayo watoto duniani; sisi wengine tulirithi kunong'ona na kuziba midomo. Msikifungie ndani ya mwamba. Mfungulieni mlango binti aliyesafiri siku nne.

Kwa wasomaji wangu walio na watoto wa kike, na walio na watoto wa kiume hasa, nasema: jambo hili halihitaji mtu abadili dini. Linahitaji mvulana aambiwe mapema, na mama yake au baba yake, kwamba mwenzake akipatwa na siku zake darasani, anayepaswa kuinama ni anayecheka.

Na kwako shemeji: kitambaa bado kipo kabatini, kati ya kanga na hati ya kiwanja. Karibu tena barazani. Safari ijayo nitakitoa tena nikiweke juu ya meza, na atakayecheka, mlango wa kutokea anaujua.